Zamu ya Krijn

Shamba letu liko mita mbili chini ya bahari.
Wageni hucheka wakiambiwa. Sisi hatucheki.
Meli ya mizigo hupita nyuma ya tuta,
juu kuliko paa la zizi,
na ng'ombe hainui hata kichwa.

Jumamosi tulimzika mama.
Mzee Marinus, kofia nyeusi kifuani,
aliwapa wajukuu peremende ili watulie,
tukaimba zaburi polepole, noti moja pumzi moja,
kama watu wanaovuka barafu nyembamba.
Kaka yangu Krijn alisimama nje mvuani,
mikono mfukoni. Hakuingia.

Kwenye kahawa, neno likaanza.
"Hakuwa wetu tangu mwanzo," alisema Marinus, akikoroga.
"Mungu haokoi nusu. Angeokoka kweli, asingetoka."
Shangazi Tannetje, aliyehamia kwa Wapentekoste wa Goes,
akatua kikombe kwa kishindo:
"Alikuwa nao, akaupoteza.
Kama mtu apotezavyo pete akichimba viazi.
Pete ilikuwa dhahabu. Shamba limeimeza."
Wakafunguliana Biblia,
huyu ukurasa wa kondoo na mkono,
yule ukurasa wa walioonja wakatema,
keki ikabaki peke yake mezani.

Nilinyamaza. Mimi nilikuwapo.
Yeye miaka kumi na tisa, mimi kumi na mmoja,
ghala la vitunguu, Novemba, taa moja.
Amepiga magoti juu ya magunia,
analia kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu mzima.
Nilidhani ni vitunguu.
Kisha akacheka, akanibeba juu juu:
"Leuntje, amenipata!"
Hakusema nimempata.

Basi, Mzee Marinus, ikiwa kilio kile kilikuwa bandia,
changu mtakipima kwa mizani gani?
Mimi sikulia hata nusu yake,
nami ndiye mnayenipa mkate na kikombe.
Nawe shangazi, ikiwa pete huchomoka
kidole kisijue,
leo nilale vipi?

Usiku nikampelekea supu ya njegere
kwenye kituo cha pampu. Ilikuwa zamu yake.
Upepo wa kaskazini-magharibi ulikuwa ukipiga mlango mabega.
"Zikizimwa?" nikauliza, ingawa najua.
"Siku tatu, mitaro imejaa. Wiki, maji jikoni kwenu.
Nchi hii si kavu, Leuntje. Inakaushwa."
Akalamba kijiko.
Ndipo nikamwuliza la ghala.
Alikaa kimya mpaka pampu ya pili ikabadilisha sauti.
"Sikudanganya usiku ule," akasema,
"wala sidanganyi sasa. Naita, hakuna kitu.
Mkono ulichoka. Nikaachia."
"Wako. Na wake?"
Akainua mabega.
"Huo muulize mwenyewe."

Wasemao maji yakimwagika hayazoleki
hawajakesha na Krijn.
Kila usiku yanamwagika,
yanapenya chini ya tuta, yanapanda kwenye mizizi ya viazi,
na kila usiku yanazolewa, yanarudishwa kwao,
na sisi tuliolala, waombao na wasioomba,
hatuulizi hata nani yuko zamu.

Sisemi hilo ni jibu.
Marinus angenikumbusha kuwa pampu hufa,
shangazi, kwamba mtu aweza kuizima kwa mkono wake,
na wote wawili wangekuwa wamesema kweli.

Nilirudi kwa baiskeli juu ya tuta,
bahari kushoto, juu; vitanda vyetu kulia, chini.
Nilitaka kumwombea, nikakwama palepale:
niombe arudi,
au nishukuru kwamba hakuachiwa?
Nikasema jina lake tu. Krijn. Krijn.
Upepo ukalichukua kabla halijafika masikioni mwangu.

Bakuli nimelisahau kituoni.
Kesho itabidi nirudi.